Bei Rahisi kwa Makene

Jumanne, 5 Juni 2007

Leo nimeokota! Pesa nimetoa yangu, lakini kwa bei ile ni sawa na kuokota. Keni tatu za kumwagilia, bati zito, zile za pua ndefu. Mbili zimebonyea ubavuni, moja haina hata mkwaruzo. Kwa pesa ile ile maduka ya barabarani wangenipa keni moja ya plastiki, tena wangenisonya nikiomba punguzo. Na kopo la mbegu za spinachi juu yake.

Godauni lenyewe liko barabara ya Sumbawanga, pale palipokuwa stoo ya mahindi. Kalichukua Msukuma mmoja, Makene, alikuwa na ng'ombe huko Msangano, kauza, kaingia biashara. Vitu vya bustani mpaka darini! Mipira ya maji, neti za kivuli, trei za miche, reki, matoroli, mabomba ya kupulizia dawa. Nilisimama mlangoni nimeduwaa. Wazambia wawili walikuwa wananunua trei kwa kwacha, salamu zao za mulishani nyingi, vicheko vingi.

Nikamwuliza mwenyewe, baba, mbona rahisi hivi, umeiba? Akacheka mpaka tumbo likatikisika. Anasema kuna mradi wa maua upande wa Zambia umefungwa, wenyewe wameondoka, vitu vikapigwa mnada, yeye kabeba vyote kwa jumla. Vilivyobonyea, vilivyopauka, mbegu zilizobakiza miezi michache kuisha muda. Kasema hataki faida kubwa, anataka nafasi, mzigo mwingine unakuja. Haya. Mtu anayetaka nafasi mimi sina ugomvi naye.

Kurudi, Felista kaziona keni. Bustani yake na yangu zinapakana kule bondeni, tunachota kijito kimoja, yeye anamwagilia kwa ndoo iliyotobolewa kwa msumari. Badala ya kusema hongera, kauliza huyo Msukuma anauza hivyo halafu anakula nini. Wivu tu huo.

Ketrina angekuwepo angenicheka. Angesema, dada, wewe ukisikia bei rahisi utanunua hata jeneza.

Ihanda sijaenda bado.


Alhamisi, 7 Juni 2007

Mbegu sikuzimwaga kitaluni hovyo, mimi si mjinga. Mbegu za kukaribia kuisha muda ni za kupimwa kwanza. Nimehesabu chache, nimezifunga kwenye kitambaa kibichi, nimeziweka jikoni karibu na moto. Baridi ya mwezi huu! Upepo unaingia mpaka kwenye mifupa.

Yonasi kapiga tena simu. Shemeji yangu, mume wa marehemu. Mpole hata kwenye simu, na upole wake unaniudhi. Anasema wazee wanauliza nitakuja lini.

Ketrina alifariki Machi. Mdogo wangu, wa tumbo moja, hatuna mwingine. Mimi nilikuwa Kasama na mzigo wa mchele, mvua zikakata barabara, nikafika Ihanda wameshazika. Na kwetu aliyekosa mazishi lazima aonyeshwe kaburi. Wanakuja wamama wawili, wanakushika mkono, wanakupeleka, wanakwambia: ndugu yako huyu hapa. Ukishaonyeshwa ndipo msiba unaanuliwa na watu wanaendelea na maisha yao. Mimi nilikaa mkekani nikalia, na walipokuja kunishika mkono nikakataa. Nikasema kichwa kinaniuma. Asubuhi nikapanda gari, nikaondoka.

Kwa hiyo msiba uko wazi mpaka leo. Yonasi hajanyoa ndevu. Ananisubiri mimi.

Nitakwenda. Nisie mbegu kwanza.


Jumamosi, 16 Juni 2007

Sijui pa kuanzia. Niandike hivyo hivyo.

Mbegu ziliota karibu zote, nikazisia kitaluni, nikasema sasa nahitaji neti ya kivuli, baridi isiniunguzie miche. Nikaenda kwa Makene. Neti nzuri, imepauka upande mmoja tu. Tukavutana bei, akanipunguzia, nikawa na furaha zangu. Nikaingia ndani zaidi kuangalia mbolea.

Kule nyuma kuna giza. Mwanamke anatoka gizani na mfuko wa mbolea kichwani, hakuushika. Kitenge kafunga usoni mpaka juu ya pua kwa ajili ya vumbi. Mweupe mwili mzima kwa chokaa, mpaka kope. Bega la kulia liko chini. La kushoto juu. Mguu anauvuta kidogo, kisigino hakikanyagi sawasawa.

Ule mwendo naujua! Ketrina alianguka kwenye mti akiwa darasa la pili, nikambeba mgongoni mimi mpaka kwa mganga wa mifupa, na bega na mguu havikurudi sawa mpaka siku ya kufa kwake. Hakuna mtu mwingine duniani anayetembea vile.

Nikasema, dada, za kazi? Kautua mfuko, kanitazama. Macho tu juu ya kitenge. Kisha akageuka akarudi gizani kuchukua mwingine.

Nilijikuta barabarani. Makene ananikimbilia na neti mkononi, mama, umelipia halafu unaacha? Sikumbuki nilimjibu nini.


Jumapili, 17 Juni 2007

Kanisani. Mahubiri ya ufufuo, kana kwamba mchungaji kaambiwa. Nilitoka nje kabla ya sadaka.

Sijala.


Jumanne, 19 Juni 2007

Nimenunua reki. Reki ninazo mbili.

Nilimwuliza Makene, yule mama wa kule nyuma ni nani? Kasema bila wasiwasi: ni mdogo wangu, Kashinje, kaja juzi kutoka nyumbani, Kiswahili hakijampanda, hata salamu anaona aibu. Kasema anafanya kazi ya wanaume watatu. Akacheka. Nikamtazama anavyocheka. Mtu mwenye siri anacheka hivyo? Sijui. Labda ndivyo wanavyocheka.

Nikajifanya naangalia mipira ya maji. Nikasogea. Nikasogea tena. Alikuwa kanipa mgongo, anapanga mifuko. Nikaita, sikupanga kuita, mdomo wenyewe umeita: Ketrina!

Akageuka.

Mungu wangu. Akageuka.


Jumamosi, 23 Juni 2007

Yonasi kaja mwenyewe. Kavaa koti lake la harusi, ndevu zimemjaa kama mtu aliyetoka jela. Kaniletea mahindi mabichi ya umwagiliaji na salamu za Goodness, binti yao. Kaanza shule mwaka huu. Anasema mtoto anauliza kila siku kama mama yake kule aliko anasikia baridi.

Nikamwacha anywe chai. Halafu nikamwuliza. Shemeji, uso wake uliuona?

Kikombe kikabaki hewani. Uso wa nani?

Wa mke wako. Kabla ya kufunikwa. Uliuona?

Akasema waliomwosha ni wamama, yeye alikuwa nje na wanaume, na jeneza halikufunguliwa kwa sababu mwili ulikuwa umeharibika, ulilala siku mbili hospitali umeme ukiwa umekatika. Hivyo alivyoambiwa. Nikamwuliza, kwa hiyo wewe hukuuona. Akasema, shemeji, unataka kuniambia nini? Akaanza kulia. Mwanaume mzima, analia na ndevu zake, anasema dada, njoo uonyeshwe kaburi, nakuomba, hatulali kwa sababu yako.

Mimi ndiyo sababu! Nilimkasirikia. Nikamwambia nitakuja siku nitakayokuja, gari lako linaondoka saa ngapi? Kaondoka na chai haijaisha.

Hakuuona uso. Hakuna aliyeuona uso ila wamama wa kwao.


Jumapili, 24 Juni 2007

Nimemwambia Felista.

Ilikuwa bondeni, tunamwagilia. Kaniona nimesimama na keni, maji yameisha zamani, bado nimeiinamisha tu. Kanishika bega, kauliza kwa upole. Na mimi nikasema yote. Bega, mguu, macho, jina.

Hakucheka. Laiti angecheka. Akakaa chini kwenye tuta lake la figili, akaliponda lote, akasema: nilijua. Bei zile si bei za mtu wa kawaida. Yule halipi vibarua, Restuta. Anafanyisha kazi misukule. Mnazika mgomba mkidhani ni maiti, mtu wenu yu hai anabeba mifuko ya mbolea.

Nimelisikia neno hilo tangu utoto, nalicheka. Leo nililisikia kutoka kwenye mdomo wa mtu mwingine na mwili ukanisisimka — siyo kwa hofu. Kwa furaha! Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nilifurahi. Kwa sababu msukule hajafa.

Nimemwapisha Felista asiseme.


Alhamisi, 28 Juni 2007

Alisema. Soko zima linajua.

Asubuhi nimeshuka na spinachi, za tuta la zamani nililolimwagilia kwa keni za Makene. Hazijawahi kuota hivyo, jani kama sikio la tembo. Nikapanga mafungu. Watu wanapita, wanatazama, wanaenda zao. Mteja wangu wa hoteli, yule anayechukua beseni zima kila siku, kasema leo anapika kabichi. Nikamwuliza kulikoni. Kaangalia pembeni: mama, wanasema mboga zako zimemwagiliwa na wafu.

Nilimtukana! Nilimtukana mpaka sauti ikakwama. Keni nimenunua kwa jasho langu, wafu gani wanaomwagilia, mgongo unauma mimi! Wenzangu wa sokoni wanainamisha vichwa. Nimerudi na beseni lile lile. Nimewapa kuku.

Jioni kaja Mama Aida, yule mzee muuza dagaa. Mwanawe Clever alifia kwenye migodi huko Zambia, walimletea begi la nguo tu, mwili haukuletwa. Kasimama mlangoni, hataki kukaa. Katoa picha kwenye kitambaa. Clever na suruali yake pana, kaegemea baiskeli. Kasema, mwanangu, wewe unaingia kule godauni. Hebu niangalizie na huyu.

Nimeichukua picha. Ningefanyaje? Ananitazama kama mtu aliyekuja dukani na anajua kitu chake kipo ila kiko rafu ya juu.

Kabla sijafunga mlango wakaja wengine wawili, na picha zao mkononi.


Jumamosi, 30 Juni 2007

Nimeuona uso.

Godauni tupu. Hakuna mteja hata mmoja, na bei kashusha zaidi, kaziandika kwa chaki mlangoni. Makene hacheki tena. Aliniona akasema, mama, wewe ulikuwa mteja wangu mzuri, wananisema nini huko nje? Nikamwomba nimsalimie mdogo wake. Kaniangalia sana, kisha kaita kwa Kisukuma.

Kaja. Bega chini, mguu unavutwa. Makene kamwambia kitu, akafungua kitenge.

Mtoto mdogo! Labda miaka ishirini, hata haifiki. Uso wa duara, pengo la mbele, shavuni kovu la moto. Jasho limechora mistari kwenye chokaa. Akanichekea. Akasema, shikamoo. Neno moja, kalitamka kama kalifanyia mazoezi.

Si yeye. Wala hafanani. Makene anasema alipigwa teke na ng'ombe utotoni, ndiyo bega lile na mguu ule.

Nilitakiwa kushukuru Mungu. Mtoto wa watu ana kaka yake, anakula, analala, hakuna uchawi wala nini. Badala yake nilisikia kitu kimeanguka ndani yangu. Nilishika gunia nisianguke na mimi. Ketrina amekufa. Amekufa Machi, mvua ikinyesha, akaniita — Yonasi aliwahi kusema aliniita, sikutaka kusikia — na mimi niko Kasama nauza mchele. Amekufa kabisa. Wiki mbili hizi nilikuwa nimempata, na sasa amekufa mara ya pili, na safari hii nilikuwepo.

Kashinje alinishika mkono akanikalisha juu ya gunia. Kaniletea maji ndani ya keni mpya, hakuona kikombe. Nikayanywa kwenye pua ya keni.


Jumatatu, 2 Julai 2007

Nimezunguka soko zima. Nimesema, jamani, nimemwona, si yeye, ni binti wa Kisukuma, ana pengo, ana kovu, kanisalimia. Nimesema kwa kila meza.

Wananisikitikia! Mama wa karanga kanipapasa mgongo. Mwingine kasema: pole, wamekufunga macho. Ndivyo wanavyofanya, ukitaka kuuona uso unaonyeshwa mwingine. Nikawauliza, sasa nikiona ni yeye ni yeye, nikiona si yeye pia ni yeye? Wakasema ndiyo. Wamesema ndiyo, kwa huruma kabisa!

Nikamfuata Felista nyumbani. Nikamwambia wewe uliyeanza, wewe uzime. Kalia. Kasema, Restuta, usimwache mdogo wako kule kwa sababu umeogopa. Wewe umeogopa, sisi tutakusaidia.

Mama Aida kakataa kuichukua picha. Kasema niendelee kukaa nayo.

Kesho nakwenda Ihanda. Nionyeshwe kaburi, nirudi na wale wamama walioosha, waseme wenyewe mbele ya soko. Hiyo tu ndiyo dawa.


Jumanne, 3 Julai 2007

Sijaenda. Nilifika mpaka stendi. Gari liliita Vwawa, Ihanda, Mlowo, na mguu ukagoma. Nilisimama pale mpaka likajaa likaondoka.

Nikajiambia kesho.


Jumatano, 4 Julai 2007

Makene kavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kufuata mzigo. Na watu wa soko walijua.

Nilikuwa nafua. Nikasikia nyimbo za pambio, nikadhani ni msiba unapita. Kumbe wanakuja kwangu. Watu kujaza njia yote, wanawake mbele, vijana nyuma na marungu, Felista katikati anaimba huku machozi yanamtoka. Wamemshika Kashinje mikono miwili. Hana kiatu kimoja. Chokaa mwilini, kitenge usoni. Macho juu ya kitenge, yale yale, lakini sasa yananitafuta mimi. Mimi tu ndiye anayemjua.

Wakasema, dada yetu, tumekurudishia mdogo wako.

Nyuma kijana mmoja kapiga kelele, asemeshwe kwanza! Kama si yeye basi huyu ni mchawi mwenyewe, kajivika mwili wa mtu! Wengine wakaitikia. Nikaona marungu. Nikaona galoni mkononi mwa mmoja, la njano, na halikuwa la maji, nilisikia harufu.

Mama Aida yuko mbele kabisa. Hanitazami mimi. Anamtazama Kashinje, kakunja mikono kifuani, midomo inatetemeka. Nikiitikia kuwa huyu karudi, basi na Clever atarudi. Ndivyo alivyosimama.

Mwenyekiti wa mtaa kauliza kwa sauti, wote wasikie. Mama Restuta, wewe ndiye mwenye ndugu. Huyu ni nani?

Nikasema, ni Ketrina.

Vigelegele! Wamepiga magoti. Wamama wamenikumbatia mpaka pumzi ikakata. Marungu yakashuka. Nimemvuta binti ndani, nimefunga mlango, nimemkalisha kitandani, anatetemeka kitanda kizima kinatetemeka. Nikamwambia, usifungue kitenge. Nikamwonyesha kwa mkono. Usifungue. Usiseme. Kaelewa.

Felista kawaambia wa nje kuwa misukule hukatwa ulimi, wasimsumbue kwa maswali. Kwa mara ya kwanza namshukuru Felista.

Nikapiga simu kwa Makene, nikapiga tena na tena. Haipatikani. Mtandao wa huku na wa Nakonde haupatani.


Alhamisi, 5 Julai 2007

Hawajaondoka. Wameota moto uani kwangu, wamepika uji kwa unga wao wenyewe. Watu wanaleta kuku, vitenge, maziwa. Mama mmoja kaja na mgonjwa wake kwenye toroli — toroli la Makene! — anataka aguswe. Nimeomba polisi waitwe, mwenyekiti kasema waitwe wa nini, hapa kuna furaha, hakuna kesi.

Kashinje kala kidogo, kageukia ukutani ndipo akashusha kitenge. Kauliza, Makene? Nikasema kesho. Nimemdanganya na yeye.

Nimemnawisha miguu. Kisigino kile kisichokanyaga sawasawa nimekishika mkononi. Cha Ketrina kilikuwa vile vile? Nimejaribu kukumbuka, naona hiki tu.

Asubuhi simu imelia. Yonasi. Habari imeshafika Ihanda, wazee wamekusanyika, wapo wanaotaka kwenda kuchimba kaburi kuangalia. Sauti yake imebadilika, nyembamba, ya mtu anayetembea juu ya kitu asichokiamini. Kasema, shemeji, wewe hujawahi kunidanganya. Niambie wewe kwa mdomo wako. Ni yeye?

Chumba kimejaa watu. Felista yuko hapa, Mama Aida yuko hapa, mwenyekiti kasogeza sikio. Dirishani vijana wa jana, wameegemea marungu yao, wanasubiri kula.

Nikasema, njoo.

Nilitaka kusema njoo peke yako! Au njoo na wale wamama walioosha! Simu ikakatika, labda vocha yake iliisha, na mimi yangu sina. Nikamtuma Felista vocha, kakuta duka limefungwa, mwenye duka yuko uani kwangu.

Halafu nikapata ujumbe, kautuma akiwa njiani. Wamepanda gari la saa nne. Goodness hajalala tangu asikie. Kavaa sweta la sikukuu, na kabeba la mama yake, maana anasema atakuwa anasikia baridi.

Kashinje anasikia jina langu linatajwa nje, ananitazama kila linapotajwa. Nimefikiria dirisha la nyuma. Uani wamejaa. Nimefikiria kutoka nikapiga kelele kuwa nilidanganya. Nikaikumbuka ile harufu. Nimefikiria kumwambia Goodness sikioni, taratibu, lakini unamwambiaje mtoto wa darasa la kwanza jambo ambalo mimi nimeshindwa kulipokea mpaka gari likaniacha stendi?

Na kuna hili. Niliandike. Kuna sehemu yangu inataka kuona kama mtoto atamtambua.

Gari limesimama barabarani. Vigelegele vimeanza. Nimemwambia Kashinje asimame, nimemfunga kitenge vizuri mpaka juu ya pua, vidole vyangu vimegusa shavu lake, kovu lipo, nimeligusa. Kasimama katikati ya chumba, bega chini. Na roho imenidunda vile vile, kama siku ya kwanza.

Nachungulia dirishani. Watu wanapisha njia.

Mlango unagongwa, chini kabisa, kwa mkono mdogo.